Rikoli ya eabegi kwa wakala, Mombasa: kipuri safi, makabidhiano hovyo

Alama tuzitoe mwanzo, asiyependa kusoma marefu ajue aendako. Kipuri: 5 kati ya 5. Kazi ya mikono: 3. Makabidhiano ya gari: 1, na hiyo moja ni ya kiyoyozi na chai ya pale kwenye viti vya kusubiria.

Huduma yenyewe, rikoli, ni ile ya kubadilishiwa eabegi bure kwa mwito wa mtengenezaji, kwenye gereji za mawakala wa kampuni za magari hapa Mombasa. Wakala hatajwi jina kwa sababu kasoro hizi hazitoki kwa fundi mmoja mzembe. Zinatoka kwenye namna kazi ilivyopangwa. Fundi hupewa kadi ya kazi yenye mstari mmoja, badilisha inflata, na akishaibadilisha amemaliza. Honi, redio, vioo, droo ya dashibodi na mwendo wa injini havimo kwenye mstari ule, basi hakuna anayevikagua. Mwenye gari anavigundua akiwa foleni ya feri.

Hata hivyo, nenda. Inflata ni kikebe cha chuma chenye tembe za kulipuka zinazojaza mfuko upepo gari linapogonga. Zile za Takata, kampuni ya Kijapani iliyofilisika Juni 2017, zilitumia amoniamu nitrati, na nyingi hazikuwekewa dawa ya kunyonya unyevu. Unyevu ukipenya, joto likipanda na kushuka miaka nenda miaka rudi, tembe huharibika. Siku ya ajali huwaka kwa kasi kupita kiasi, kikebe kinapasuka na kurusha vipande vya chuma kifuani na usoni. Marekani peke yake zilihesabiwa inflata milioni 67 hivi za kubadilishwa, na walipopanga nani ahudumiwe kwanza waliyatanguliza majimbo ya joto na unyevu kama Florida na Hawaii. Gari linaloshinda juani Mwembe Tayari na kulala kwenye hewa ya chumvi Likoni liko kundi hilohilo.

Jambo ambalo kaunta za sevisi hazilisemi mpaka uulize: miaka ya mwanzo ya rikoli hii magari mengi yalifungwa inflata mpya za aina ileile ya Takata kwa muda, kisha yakaitwa tena. Karatasi ya zamani inayosema "imefanyika" haitoshi. Uliza imefungwa inflata ya nambari gani ya kipuri, na nambari hiyo iandikwe kwenye kadi ya kazi pamoja na nambari ya rikoli. Bila hizo mbili, huna ushahidi wa chochote.

Kuhusu kuhakiki kama gari lako limo: magari yetu mengi yalitengenezwa kwa soko la Japani, na nambari ya chasisi ni fupi, yaani kodi (msimbo) ya modeli, kistari, kisha tarakimu sita au saba. Tovuti za Marekani za kukagua rikoli hutaka nambari ya herufi na tarakimu 17, hivyo zitaikataa yako. Kukataliwa huko si cheti cha usalama. Ingiza nambari kamili kwenye ukurasa wa Kijapani wa mtengenezaji wa gari, au mpe wakala nakala ya logibuku atafute mwenyewe. Japani ilianza Mei 2018 kuyanyima cheti cha ukaguzi magari yenye inflata hatari zisizobadilishwa, kwa hiyo yaliyotoka huko kabla ya hapo ndiyo ya kutiliwa shaka zaidi.

Kabla gari halijaingia gereji, fanya jaribio moja mbele ya mhudumu anayelipokea. Washa swichi bila kuwasha injini na utazame taa ya eabegi. Kwenye Toyota inatakiwa iwake kama sekunde 6, kisha izime. Ikibaki inawaka, gari lilikuwa na hitilafu kabla ya rikoli, na iandikwe hivyo. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliwahi kuichezea: ama balbu imetolewa, ama waya wake umeunganishwa na wa taa nyingine ili ziwake na kuzima pamoja. Ujanja huu uko mwingi kwenye magari yaliyopita mikononi mwa madalali. Mwingine ni rezista ndogo iliyochomekwa kwenye soketi badala ya eabegi yenyewe, kompyuta ikadanganyika kwamba kila kitu kipo. Fundi wa wakala akifungua usukani na kukuta rezista, hawezi kuirudisha, na gari litatoka na taa inayowaka. Hapo lawama si ya wakala. Ndiyo maana picha ya dashibodi yenye tarehe, kabla ya kukabidhi ufunguo, inamlinda kila mmoja.

Sasa kazi yenyewe, upande wa dereva. Magurudumu yanyooshwe, swichi izimwe, waya hasi wa betri utolewe, kisha kusubiri. Toyota hutaka sekunde 90 zisizopungua, Honda na Nissan dakika 3, ili umeme wa akiba kwenye kompyuta ya eabegi uishe. Kisha skrubu za pembeni za kifuniko cha usukani hulegezwa kwa biti ya toksi T30 (kwenye Toyota nyingi za miaka hiyo), kifuniko kinavutwa, na soketi mbili zinachomolewa: ya eabegi, ambayo ni ya manjano na ina kufuli yake, na ya honi. Inflata inabadilishwa, au kifuniko kizima, halafu safari ya kurudi. Skrubu zile hukazwa kwa nyutonimita (Nm) 8.8, nguvu ya mkono mwepesi tu. Spana ndefu haina kazi hapo.

Zingatia kwamba usukani wenyewe hautolewi. Kwa hiyo ukirudishiwa gari usukani umelala upande wakati magurudumu yamenyooka, mtu aliutoa bila sababu na kuurudisha jino moja pembeni. Usikubali kupelekwa kwenye alaimenti, yaani kunyooshwa magurudumu, wala usilipe. Alaimenti itageuza fito za mbele ili zifuate kosa la juu, na utakuwa na makosa mawili. Dawa ni usukani urudishwe kwenye jino lake.

Na aliyeutoa usukani huenda aliigusa ile kebo ya kujikunja iliyo nyuma yake, inayopeleka umeme kwenye eabegi, honi na vitufe huku usukani ukizunguka. Kebo hiyo ina katikati yake. Kwenye Toyota nyingi huzunguka kama mara mbili na nusu kila upande kutoka katikati. Ikirudishwa nje ya katikati, gari litatoka gereji bila tatizo lolote, na kebo itakatika siku utakapokata kona yote kuegesha mahali pembamba, Mji wa Kale au kwingineko. Ishara zake ziko wazi: honi, vitufe vya redio vya usukani na taa ya eabegi vyote vinaharibika kwa pamoja. Taa ya eabegi ikiwaka peke yake, na honi inalia vizuri, mara nyingi ni soketi ya manjano ambayo kufuli yake haikubonyezwa mpaka mwisho. Honi ikifa peke yake, soketi ya honi imesahauliwa. Honi ikilia yenyewe ukikata kona, waya umebanwa kati ya kifuniko na chuma, au kifuniko kimekaa upande kwa sababu skrubu moja haikuingia sawasawa.

Pwani kuna kisababishi cha ziada ambacho fundi aliyefunzwa Nairobi huenda asikiwaze. Pini za soketi zikikaa miaka bila kuguswa kwenye hewa yetu hupata utando wa kijani. Zikiwa zimetulia, zinapitisha umeme. Ukizichomoa na kuzirudisha, zinashikana nusunusu, na taa inawaka gari likirukaruka kisha inazima. Dawa ni dawa ya kusafishia soketi za umeme na kubonyeza kwa uangalifu. Usikubali pini zikwanguliwe kwa msasa, na mtu yeyote asipime eabegi kwa mita ya umeme. Mkondo mdogo wa mita unaweza kuilipua.

Kwa kusoma hitilafu, kile kidude cha bei nafuu cha bluetuthi kinachochomekwa chini ya dashibodi kwa kawaida kinasoma injini tu. Kitakuambia hakuna kosa huku taa ya eabegi inakukodolea. Inatakiwa mashine inayoingia kwenye kompyuta ya eabegi. Kwa Toyota, B1801 ni waya usiopitisha umeme (haujaungana) upande wa dereva, B1806 ni hivyohivyo upande wa abiria. Kodi hizo mbili zikitokea baada ya rikoli, asilimia ya kubahatisha ni ndogo: kuna soketi haijakaa. Mhudumu akikuambia kompyuta ya eabegi imekufa na ununue nyingine, mwambie aanze na soketi.

Halafu betri. Kutolewa waya wa betri ni sahihi na ni lazima. Wapo wateja wanaoomba gari lishikiliwe umeme wa pembeni ili redio isipoteze kumbukumbu. Wakala akikataa, yuko sawa kabisa, kwa kuwa kwenye kazi ya eabegi umeme wa pembeni ndio hatari yenyewe. Anapokosea ni kutokumwambia mteja kitakachofuata.

Kitu cha kwanza ni redio. Gari la soko la Japani lenye skrini ya ramani likikatwa betri huamka likiomba kadi ya ramani ya SD, kwa Kijapani, na mengine yanaomba nambari ya siri inayotokana na nambari ya ERC inayoonekana kwenye skrini hiyohiyo. Kadi zile wengi walizitoa wakaweka muziki, au zilipotelea bandarini. Matokeo yake redio iliyokuwa ikiimba asubuhi inakuwa kioo cheusi jioni, na kamera ya nyuma inaweza kwenda nayo. Wakala husema si sehemu ya rikoli. Kisheria anaweza kubishana, kibiashara ni aibu, maana sentensi moja kaunta ingetosha: bosi, una kadi ya ramani? Kabla ya kwenda, kagua kama kadi imo kwenye tundu lake, na piga picha ya lebo ya modeli ya redio. Kama kadi haipo, mtafute fundi wa redio kwanza, rikoli baadaye.

Cha pili ni injini. Kompyuta ilikuwa imejifunza kuufidia uchafu wa throto, mlango wa kuingizia hewa kwenye injini. Ikikatwa umeme inasahau, na injini inatetemeka kwenye taa za Buxton au inazimika ukiwasha AC. Toyota nyingi hujirudi zenyewe baada ya kuendeshwa kidogo. Nissan nyingi hazirudi mpaka zifundishwe upya kwa utaratibu wake, ambao wakala anaujua na mashine anayo. Ikiwa throto ni chafu kweli, isafishwe kwanza ndipo ifundishwe. Kinyume chake ni kazi bure. Hili halihusiani na eabegi hata chembe, na bado ndilo malalamiko ya kwanza kusikika.

Vioo vya kujipandisha ni kitu kidogo. Taa ya kitufe cha dereva ikipepesa, shusha kioo nusu, kipandishe, na ushikilie kitufe kama sekunde moja au mbili baada ya kioo kufunga. Usimlipe mtu kwa hilo. Taa ya kuteleza ikiwaka baada ya betri, kata usukani kabisa kushoto na kulia injini ikiwa imewashwa, kisha endesha mahali pamenyooka. Ikibaki, irudi kwa wakala.

Kagua pia kichwa cha betri chenyewe kabla hujatoka langoni. Vichwa vya betri hapa huota unga mweupe na kijani, na kikilegezwa baada ya miaka mingi huwa hakibani tena, au kinapata ufa. Kishike kwa mkono ukizungushe. Kikizunguka, hakijakazwa, na kesho gari haliwaki. Spana ya 10 na nusu dakika tu.

Upande wa abiria ndio wenye kelele. Ili kuifikia eabegi hiyo, droo ya dashibodi hutolewa na vifuniko vya plastiki vya chini hunyofolewa. Plastiki iliyopigwa na jua la hapa miaka kumi ni kavu kama biskuti. Klipu zinavunjika, na fundi asiye na klipu mpya mfukoni anarudisha kifuniko kwa zilizosalia. Matokeo yake ni mlio wa tiki-tiki usiokoma kwenye matuta. Vilevile kuna kamba au kipini kidogo kinachoifanya droo ishuke polepole. Kikisahauliwa, droo inaangukia magoti ya abiria kwa kishindo. Nyuma ya droo kuna kifuniko cha chujio la hewa ya AC, kisipobanwa utasikia mluzi, na vumbi litaingia bila kuchujwa. Feni ikiwa haipulizi kabisa, soketi yake imeachwa ikining'inia hapohapo. Mwisho tazama juu ya dashibodi: mstari wa kifuniko cha eabegi uwe sawa pande zote. Upande mmoja ukiinuka, bolti za chini hazijakaa, na hiyo si kasoro ya urembo. Gari lisitoke.

Majaribio haya yote yanachukua robo saa, na yafanyike na mhudumu akiwa kiti cha pembeni. Taa ya eabegi iwake na kuzima. Honi ipigwe kwa kubonyeza kushoto, kulia na katikati, kisha usukani ukatwe mwisho hadi mwisho huku honi ikipigwa tena. Vitufe, redio, feni, vioo. Halafu mzunguko mfupi wenye matuta, na kipande kilichonyooka cha kuachia usukani kidogo na kuutazama. Wahudumu wengine hukunja uso. Waache wakunje, ufunguo haujapokelewa mpaka kadi ya kazi isainiwe, na wewe ndiye mwenye kalamu.

Rikoli nyingine inayoyagusa magari ya hapa ni ya pampu za petroli za Denso, zilizoanza kuitwa kwa wingi 2020 kwenye Toyota, Lexus, Honda, Subaru na nyinginezo. Gurudumu dogo la plastiki ndani ya pampu hunyonya petroli, hufura, hugusa ganda lake, na gari linazimika njiani. Kubadilisha ni kuinua kiti cha nyuma na kufungua mfuniko wa tangi. Huduma hii inafanyika vizuri zaidi kuliko ya eabegi, ila kwa mpira wa kuziba: unatakiwa mpya, na ukikaa upande harufu ya petroli haitokei tangi likiwa nusu. Basi jaza tangi hadi juu siku hiyohiyo, funga vioo, zunguka kona kadhaa, unuse. Geji ya mafuta ikikwama mahali pamoja baada ya kujaza, mkono wa kielea umepindwa wakati wa kuingizwa. Na kiti cha nyuma kivute juu kwa nguvu: kikinyanyuka, ndoano hazijashika, au vifungo vya mikanda vimebaki chini ya mto.

Malalamiko yana njia yake. Rudi haraka, usipitie kwanza kwa fundi wa mtaani, kwa sababu mkono mwingine ukishagusa soketi ya manjano wakala ana kisingizio. Andika barua pepe, si simu, utaje nambari ya kadi ya kazi, kasoro, na picha za kabla na baada. Marekebisho ya kazi ya rikoli yasitozwe hata senti, na klipu zilizovunjwa ni zao kuzirudisha. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mnunuzi haki ya huduma yenye ubora unaostahili, ikifuatwa na Sheria ya Ulinzi wa Mtumiaji ya 2012. Wakala akikaa kimya, Mamlaka ya Ushindani ya Kenya hupokea malalamiko ya watumiaji. Kwa hasara ya fedha isiyozidi shilingi milioni 1, Mahakama ya Madai Madogo inasikiliza bila kulazimika kuwa na wakili. Kwa uzoefu wa kazi hii, barua yenye nambari ya kipuri na kodi ya kosa husuluhisha mengi kabla ya kufika huko. Meneja wa sevisi anajua kusoma B1801 kuliko anavyojua kusoma hasira.

Ukiulizwa uchague siku, chagua asubuhi ya katikati ya wiki na uache gari mchana kutwa. Linaloingizwa saa tisa alasiri kwa ahadi ya kutoka saa kumi na moja ndilo hutoka bila kamba ya droo.